Laiti Ningalijua Kusema Laiti

Naandika nikiwa nyumbani Singida, mji wa mawe na upepo. Kama hujawahi kufika huku, jua tu kwamba upepo wa kwetu haupigi hodi, na mawe yamekaa juu ya mawe wenzake kana kwamba kuna mtu alikuwa anayapanga, akaenda kunywa maji, akasahau kurudi. Nimekaa barazani kwa mama. Alizeti imeanikwa uani, kuku wanaivizia, na mimi natakiwa nimalizie habari ya mhariri. Badala yake naandika hii. Mhariri, ukisoma hapa, naomba radhi.

Leo nataka kuzungumza juu ya Kiingereza. Najua wapo walioguna tayari. Msiwe na wasiwasi, siji na wimbo ule wa kwamba vijana wa siku hizi Kiingereza hakipandi, wala ule wa pili wa kwamba Kiingereza ni utumwa. Nyimbo zote mbili tunazijua, na tunazicheza kulingana na harusi tuliyoalikwa. Mimi nataka kusema juu ya neno moja tu, "wish", na juu ya siku ambayo neno hilo na ndugu zake walinishinda mbele ya bibi mmoja, nikanyamaza. Nimekaa nalo miaka kadhaa. Nadhani sasa naweza kulisema.

Tuanzie mbali kidogo, kwenye kadi.

Waliosoma sekondari wakati wetu wanazikumbuka kadi za mtihani. Ikifika Septemba, Oktoba, kila kibanda cha mjini kimezitundika kwenye kamba kama nguo mbichi. Zina picha ya maua, au kalamu na kitabu, au mtoto wa Kizungu aliyevaa kofia ya mahafali. Ndani zimeshaandikwa Kiingereza, kazi yako ni kuweka jina. Mimi nilimaliza kidato cha nne mwaka 2012 katika shule moja ya kata, zile zilizoota kila mahali baada ya mpango wa MMES kuanza mwaka 2004. Nilipata kadi tisa. Zote tisa zilisema kitu kilekile, "I wish you success in your final examinations." Mjomba wangu, dereva wa lori ambaye Kiingereza chake ni cha vibao vya barabarani, aliniletea kubwa kuliko zote. Ukiifungua inaimba.

Sasa, mwaka 2012 ndio ule. Matokeo yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa wamepata sifuri. Kelele zikawa nyingi, serikali ikaunda tume, matokeo yakapangwa upya. Katika darasa letu kadi zilikuwa nyingi kuliko waliofaulu. Mimi nilipenya, sijui kwa mlango gani, nikaenda kusomea stashahada ya uandishi wa habari.

Ninachotaka mshike ni hiki. Neno "wish" niliingizwa kichwani na kadi, wala sikufundishwa na mwalimu. Na kwenye kadi lina maana moja tu, nakutakia. Nakutakia mafanikio, nakutakia safari njema, nakutakia Krismasi yenye furaha. Ni neno la heri, la maua na kofia ya mahafali. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba neno hilohilo, ukiligeuza upande wa pili, ndilo Mwingereza analolilia nalo.

Haya, sasa tuje kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwaka 2018. Nilikuwa mwandishi mchanga, nalipwa kwa habari iliyotoka, na habari zenyewe zinatoka kwa kudra. Shirika moja lilikuwa linazindua kisima kirefu cha pampu ya mkono katika kijiji kimoja wilaya ya Ikungi, na wafadhili walikuwa wamekuja kutoka Ulaya. Waandishi tulikuwa watatu nyuma ya gari. Tulipofika ikabainika mkalimani wao anaumwa na hakuja. Mratibu akatuangalia, akauliza, "Nani hapa Kiingereza kimetulia?"

Mkono ulionyanyuka ni wa kwangu. Sitawadanganya, sababu ilikuwa posho. Mkalimani anapata posho ya mkalimani.

Mambo yalikwenda vizuri kwa saa nzima. Hotuba zina huruma, maana zote zinafanana. "We thank you for this big gift." "Water is life." Nilikuwa natiririka mwenyewe najiona. Yule mama wa Kizungu aliyekuwa mkuu wa msafara, mtu mzima, umri wa mama yangu hivi, akawa ananitazama kwa imani kabisa.

Ndipo wakasema wanawake nao wazungumze, kwa kuwa wao ndio wachota maji. Akasimama bibi mmoja. Akasalimia kwa Kinyaturu, wenyeji wakaitikia, kisha akahamia kwenye Kiswahili kwa ajili yetu wageni. Kiswahili chake kilikuwa cha taratibu, kimenyooka, cha watu waliojifunzia kwenye kisomo. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata watu wengi wazima walikaa chini ya miti na ubao. Huyu alikuwa mmoja wao. Akashukuru. Akaeleza kwamba zamani walikuwa wanachota kwenye lambo, pamoja na ng'ombe. Halafu akasema, wala hakupandisha sauti:

"Kisima hiki kingalikuja miaka miwili nyuma, mjukuu wangu angalikuwa hai."

Uwanja ukatulia. Wenyeji walikuwa wanaijua habari hiyo. Mtoto alikuwa amehara siku mbili, ya tatu hakuamka.

Yule mama wa Kizungu akanigeukia. Na mimi, wandugu, nikafungua mdomo nikasema hivi: "She says, if this well comes, two years, her grandson will be alive."

Rudieni kusoma hiyo sentensi. Ndani yake mtoto hajafa. Ndani yake mtoto anaumwa mahali fulani, na kisima kimekuja kumwokoa. Kimsingi nilimfufua mtoto wa watu kwa sarufi mbaya.

Yule mama akatabasamu. Akashika kifua kwa mkono, akasema wamefurahi sana, kwa ajili yake na kwa ajili ya mjukuu wake. Tena kwa moyo wote, mtu mwema tu. Na mimi, kwa sababu mdomo wa mkalimani unakimbia mbele ya akili yake, nikageukia kwa bibi nikatafsiri:

"Wanasema wamefurahi sana, bibi. Kwa ajili yako na mjukuu wako."

Niliyasikia yakitoka. Yakiwa Kiswahili niliyaelewa palepale, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Bibi hakumtazama yule mama. Alinitazama mimi. Kisha akasema neno moja, "Haya," akakaa.

Vigelegele vikapigwa, utepe ukakatwa, maji yakatoka, watoto wakayarushiana. Na mimi nikanyamaza. Nikala kuku wa sherehe, nikapokea posho, nikapanda gari. Njia nzima hadi mjini nilikuwa naitengeneza ile sentensi kichwani na haitengenezeki. Hapo ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimeteleza ulimi. Kumbe sikuwa nayo kabisa hiyo sentensi. Ningepewa saa nzima na kalamu, nisingeiandika.

Habari yangu ilitoka baada ya siku mbili. Wananchi wafurahia kisima. Bibi hakuwemo.

Tupumue kidogo, tuingie darasani. Sikutaka kubaki na aibu tupu, nilitaka nijue nilikosea wapi. Nilipokwenda Dar nikanunua kwa wauza vitabu vya mitumba kile kitabu cha sarufi cha Raymond Murphy, chenye jalada la bluu, ambacho toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1985 na mpaka leo dunia nzima inakisoma. Nikakisoma usiku kama mtu anayesoma barua ya mahakama. Nitawaeleza nilichoelewa kwa namna yangu, kwa mifano ya kwetu.

Siri ni moja tu. Ukitaka kusema kwa Kiingereza jambo ambalo halipo, kitenzi chako kinapiga hatua moja nyuma. Basi.

Jambo halipo sasa hivi? Kitenzi kinarudi kwenye wakati uliopita. Nimesimama stendi ya Misuna, sina hela ya nauli, nasema, "I wish I had the fare." Hiyo "had" haina maana ya jana. Inamaanisha sasa, ila sasa ya kufikirika. Sina. Ndiyo maana pia wanasema "I wish I were taller," hata kama mtu ni mmoja. Hiyo "were" ni masalia ya kale, inakuonya kwamba hapa tunaongea mambo yasiyo kweli. Wengi wanasema "was" siku hizi, wala hawafukuzwi, ila kwenye maandishi rasmi "were" inapendeza zaidi.

Jambo lilishapita na halirudi? Hapo kitenzi kilikuwa nyuma tayari, kwa hiyo kinarudi hatua nyingine zaidi. Basi limeondoka saa kumi na mbili kamili, mimi nimefika na dakika tano. "I wish I had woken up earlier." Sikuamka. Hapo "had" inafuatwa na kitenzi katika umbo lake la tatu, lile tulilokuwa tunaliimba darasani, "go, went, gone", bila kujua kazi yake. Hii ndiyo kazi yake. Ni umbo la majuto.

Unataka kitu au mtu mwingine abadilike, na unaona habadiliki? Hapo inakuja "would". Mkulima wa vitunguu anaangalia mawingu ya Novemba yanayopita tu bila kutua, anasema, "I wish it would rain." Jirani yangu ana redio, mimi nina kichwa, nasema, "I wish he would turn it down." Lakini hiyo ni ya kulalamikia wengine, huitumii kwa nafsi yako. Ukijizungumzia mwenyewe unasema "could". "I wish I could sing."

Na jambo ambalo bado linawezekana, mlango haujafungwa? Hapo "wish" unaiacha, unachukua "hope". Ni kosa letu sote hili. Tunaandikiana ujumbe, "I wish you will pass," "I wish you will get well soon." Tunachanganya kadi na maombi. Ama unasema "I wish you success", mtu na kitu, kama kwenye kadi, ama unasema "I hope you pass". Ukimwambia mgonjwa "I wish you were well," hujamwombea. Umemwambia kwamba si mzima na inakusikitisha. Ni kweli, lakini sidhani kama ndicho ulichopeleka machungwa hospitali ili kukisema.

Kuna na neno jingine ambalo vijana wenye bahasha za vyeti tunalijua kwa maumivu. "We regret to inform you." Barua ikianza hivyo huna haja ya kuimaliza. Hapo "regret to" inatangulia habari mbaya inayokuja sasa hivi. Lakini ukisema "I regret telling him", jambo limeshasemwa na ndilo linalokuuma. Tofauti ni umbo dogo tu la kitenzi kinachofuata, lakini la kwanza ni la karani, la pili ni la mtu asiyelala.

Sasa turudi kwa bibi. Sentensi yake ilikuwa na miguu miwili. Mguu wa kwanza umekanyaga zamani: kisima kingalikuja, hakikuja. Mguu wa pili umekanyaga leo: mjukuu angalikuwa hai, hayupo. Kwa Kiingereza kila mguu unavaa kiatu chake. "If this well had come two years ago, my grandson would be alive." Nyuma hatua mbili kwa kisima, kisha "would be" kwa mtoto, kwa sababu kutokuwepo kwake ni kwa leo, na kesho, na kesho kutwa. Maneno kumi na matatu. Hakuna hata moja ambalo sikulijua. Nilikuwa nayo yote mfukoni, sikujua tu kuyapanga.

Na nilipofika hapo nikagundua jambo la aibu zaidi, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya kwa Kiswahili.

Angalieni Kiswahili chetu wenyewe. Tumepewa vifaa viwili. Kuna -nge-, na kuna -ngali- pamoja na ndugu yake -ngeli-. Walimu wa Kiswahili walituambia, -nge- ni kwa jambo ambalo bado lina tumaini, au la wakati huu: ningepata mtaji ningelima alizeti. Na -ngali- ni kwa jambo lililokwisha, mlango umefungwa na ufunguo umetupwa: ningalipata mtaji mwaka ule, ningalilima. Wakatuambia pia tusichanganye, ukianza na -nge- malizia na -nge-, ukianza na -ngali- malizia na -ngali-. Sisi tukajibu mtihani, tukapata alama, tukatoka nje tukaendelea kusema -nge- kwa kila kitu. Ningejua nisingekuja. Lini? Jana, leo, kesho? Msikilizaji atajua mwenyewe. Nami pia nimefanya hivyo huko juu niliposema ningepewa saa nzima na kalamu nisingeiandika. Mlinisamehe bila kujua.

Sisemi ni dhambi. Lugha inaishi, na kwenye mazungumzo mtu anaelewa kwa muktadha. Lakini tazama jinsi ilivyonigharimu. Bibi wa kisomo alizungumza na -ngali- mbili zilizonyooka kama reli, mimi mwenye stashahada nikazisikia kama -nge-, na -nge- nikaigeuza kuwa "will". Jeraha lilianzia kwenye Kiswahili changu kabla halijafika kwenye Kiingereza. Mtu hawezi kutafsiri tofauti ambayo masikio yake yameacha kuisikia.

Wapo watakaosema, basi kosa ni la mfumo, na mimi sikatai. Tunasoma msingi kwa Kiswahili, Kiingereza ni somo moja kati ya mengi, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza baiolojia na jiografia zote zinageuka Kiingereza kwa mkupuo. Hili halikuanza na sisi. Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilitoa ripoti yake mwaka 1982, ikapendekeza sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakapima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakakuta kiko chini mno kuweza kubeba masomo. Hata hivyo wao wakashauri Kiingereza kiendelee, ila kisaidiwe. Tukaendelea. Ukiwauliza watu wazima wa wizara wa nyakati hizo, sijui wangekujibu kwa -nge- au kwa -ngali-. Hata nchi ina laiti zake.

Lakini mfumo haukuwa pale uwanjani. Mfumo haukula kuku. Nilikuwa mimi. Na nikijihoji kama ninavyowahoji waheshimiwa, lazima nikiri kwamba sarufi ilikuwa kosa la kwanza tu, na ndilo dogo. Nilipoyasikia maneno yangu kwa Kiswahili nilijua nimekosea. Nilikuwa na Kiingereza cha kutosha kusema, "Sorry, I made a mistake. The child is dead." Mtoto wa darasa la saba anaiweza hiyo. Sikuisema kwa sababu nilikuwa nimenyanyua mkono mbele ya watu, na mratibu alikuwa amesimama pale, na mimi ndiye niliyekuwa na Kiingereza kilichotulia. Niliogopa kuonekana sijui. Nikamwacha bibi abebe kutojua kwangu.

Kiingereza kina sentensi ya hilo pia. "I should have spoken." Nilipaswa kusema, sikusema. Hiyo haihitaji hata "wish".

Mwaka 2023 nilipata safari ya kazi upande ule, habari za bei ya alizeti. Nikamwomba bodaboda tupitie kile kijiji. Pampu ilikuwa bado inafanya kazi, mpini wake umefungwa kwa kipande cha mpira wa tairi, wasichana wawili wanasukuma kwa zamu. Nikaulizia nyumba ya bibi. Nikamkuta amekaa kivulini anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akanitazama kidogo. "Wewe ni yule wa wazungu."

Miaka mitano. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote. Kwamba siku ile sikuyafikisha maneno yake. Kwamba yule mama alielewa mjukuu yupo. Kwamba nilijua palepale nikanyamaza. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mengi, isipokuwa jinsi alivyolipokea. Hakuacha kupepeta.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, bibi?"

"Yule mama alicheka. Mtu aliyepewa habari ya msiba hacheki. Nikajua maneno yamemwagika njiani."

Nikamuuliza mbona hakusema kitu. Akasimamisha ungo, mara ya kwanza.

"Ningemwambia nani, mwanangu? Ulimi wa kumwambia ulikuwa wewe."

Sikuwa na la kujibu. Akaendelea na mtama wake. Baada ya muda akasema, kama anayezungumza na ungo, kwamba maji yanatoka na hilo ni jema, na kwamba wajukuu wengine hawajaugua tumbo tena. Kisha akasema kinachomuuma si tafsiri. Siku ile walikuja watu wengi, magari matatu, kamera, akasimama akasema mjukuu wake amekufa, na hata sisi tuliokielewa Kiswahili chake hatukuuliza jina lake. Waandishi watatu tulikuwepo. Kalamu tatu.

Nikauliza jina. Akaniambia. Akaniambia na umri, na kwamba alipenda kupanda juu ya mawe na kuita ng'ombe ambao hawakuwa wake. Jina siliandiki hapa, ni mali ya nyumba ile. Lakini limeandikwa kwenye daftari langu, na daftari hilo sitalitupa.

Usiku ule, nyumba ya wageni, umeme umekatika, nikatafuta kadi ya yule mama wa Kizungu niliyokuwa nimeihifadhi ndani ya Murphy. Nikaandika barua pepe kwenye simu. Ni Kiingereza kifupi kuliko vyote nilivyowahi kuandika, na ndicho pekee ambacho sikukiandika ili nionekane najua. Nilimwambia, "I wish I had told you what she really said." Nikamwandikia ile sentensi ya bibi, maneno yote kumi na matatu, kila mguu na kiatu chake. Nikamwandikia jina la mtoto. Nikaandika, "I should have spoken that day. I am sorry." Nikairudia mara tano kutafuta makosa. Halafu nikaacha, nikaituma.

Hajajibu mpaka leo. Labda alishaacha kazi pale na anwani imekufa. Labda aliisoma hakujua aseme nini, jambo ambalo mimi wa watu wote siwezi kumlaumu. Zamani ningeandika hapa, "I wish she reads it," nikaona nimemaliza. Sasa najua kwamba "wish" ingemaanisha nimeshakata tamaa. Sijakata.

"I hope she reads it."

Haya wandugu, mama ananiita nikafukuze kuku kwenye alizeti, na mhariri ameshapiga simu mara mbili. Kukicha salama tutaonana tena. Na ukimsikia mtu mzima anasema -ngali-, tulia umsikilize mpaka mwisho.